Muulize Shangazi wa Mapokezi: Kiboko Anatungoja

Tangu likizo ya mwezi wa tano mfuko wangu wa barua una kiboko ndani yake. Barua tatu nilizozichagua safari hii zinahusu jambo moja, yaani geimu ya simu ambayo hoteli huwapa watoto wa wageni. Ya kwanza ni ndefu na sikuikata, kwa sababu huyu mama ameona mambo ambayo wazazi wengi huyapita macho.

*

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Jinja karibu na kambi. Mume wangu ni askari, alikuwa Somalia zaidi ya mwaka. Aliporudi likizo akasema, "Mama, safari hii hatukai nyumbani kuhesabu nzi, twende tukalale hotelini." Tukaenda Entebbe siku mbili, kwenye hoteli ya kampuni moja yenye matawi nchi kadhaa. Sitaitaja, maana hawakutukosea adabu. Chumba kilikuwa safi, samaki mtamu, na maji ya moto yalitoka hata saa tisa usiku.

Pale mapokezi, kabla hata sijapewa ufunguo, binti mmoja aliinama akawapa watoto kila mmoja kikadi chenye picha ya kiboko aliyevaa kofia ya mpokea mizigo. Nyuma ya kadi kuna kile kichoro cha mraba chenye madoadoa meusi, unakimulika kwa kamera ya simu, geimu inafunguka. Kiboko anakimbia kwenye korido za hoteli akiokota funguo, anaruka ndoo za wafagiaji, anasukuma toroli la mizigo. Ukimaliza leveli unapata muhuri. Mihuri kumi ni aiskrimu. Mihuri hamsini ni usiku mmoja bure kwa mtoto "akifuatana na mzazi anayelipa". Na kila siku kuna gurudumu la bahati, unalizungusha mara moja.

Shida ni hii. Leveli ya nane haifunguki mpaka umulike kichoro kingine, nacho kimebandikwa kwenye meza za chai ya asubuhi, humo humo hotelini. Tulipoondoka walikuwa wamefika ya kumi na tano. Ya kumi na sita inataka kichoro cha mwezi unaofuata. Na mihuri isipotumika ndani ya siku 60 inafutika. Mtoto wangu wa kati, ana miaka saba, kila Ijumaa ni kilio. Ananiambia, "Mama, Kiboko anatungoja." Simu yangu nayo imeanza kupokea meseji: "Kiboko amekumisi!" Nilipouliza namba yangu wameipata wapi, yule mkubwa akasema waliiandika wao, pamoja na majina yao na siku zao za kuzaliwa, kwa sababu geimu ilikataa kuanza bila hivyo.

Baba yao amesharudi kazini. Usiku mmoja pale kwa watu wanne unakaribia ada ya muhula ya huyu mdogo wa mwisho. Je, niifute geimu? Nimkataze kabisa? Au mimi ndiye mkali na haya ni mambo ya watoto tu?

Mama wa watatu, Jinja

*

Marahaba, mwanangu. Ukiongea na mwenzio mwambie Shangazi anamsalimu na anamshukuru kwa kazi.

Kabla sijajibu nikuungamie jambo. Mabinti wanaoinama kumsalimu mtoto kabla ya mama, mimi nilikuwa mmoja wao. Nilisomea kazi ya hoteli chuoni pale Crested Crane, Jinja hiyo hiyo yako, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha nikasimama nyuma ya kaunta ya mapokezi miaka 28. Somo lenyewe halikuwa kwenye daftari. Mkubwa wangu wa zamu alinifundisha siku ya kwanza: "Mgeni akija na mtoto, mtoto apate kitu mkononi kabla mama hajaona bei." Siku hizo kitu chenyewe kilikuwa puto, au penseli za rangi na karatasi ya kuchora. Puto lilipasuka kabla gari halijafika mzunguko wa Kibuye, mtoto akalia kidogo, habari ikaisha. Kiboko wako hapasuki.

Kwa nini wanahangaika na mtoto wa miaka saba asiye na hata shilingi mia? Nikuonyeshe hoteli kwa upande wa ndani. Jumatatu mpaka Alhamisi hoteli nyingi za Kampala hujazwa na watu wa semina, wale wenye vitambulisho shingoni na chupa ndogo za maji mezani. Ijumaa saa nane mchana wanapanda magari ya mashirika yao, wanaondoka. Jumamosi unasikia friji ya baa ikinguruma peke yake. Vitanda vimetandikwa, mpishi analipwa, jenereta inakunywa dizeli kama kawaida. Chumba kisicholala mtu leo huwezi kukiuza kesho, si kama sukari ya dukani. Basi watu wa mauzo wanakaa kikao Jumatatu wanaulizana, "Wikendi tumlete nani?" Jibu ni familia. Na katika familia ni nani anayeweza kuwakumbusha wenzake habari za hoteli kila Ijumaa bila kuchoka, bila kulipwa kamisheni? Umeshamtaja kwenye barua yako. Mwanao ameajiriwa, mwanangu. Ni mtu wa mauzo wa ile hoteli, na mshahara wake ni mihuri.

Kuvuta familia kwa kupitia watoto si dhambi, na si jambo jipya. Chuoni tulisimuliwa habari ya Kemmons Wilson, mjenzi wa Memphis huko Marekani. Mwaka 1951 alifunga safari kwa gari na mkewe na watoto watano kwenda Washington. Njiani nyumba za wageni zikawa zinamlipisha dola 2 za ziada kwa kila mtoto, hata kama mtoto analala chini ya ubavu wa mama yake. Akarudi amekasirika. Mwaka 1952 akafungua hoteli yake ya kwanza, Holiday Inn, na sheria ikawa watoto wakilala chumba kimoja na wazazi wao hawalipi. Hoteli zile zikaenea duniani. Nasi tulipoambiwa kisa hiki tulipiga makofi, mimi nikiwemo.

Sasa kipime kisa hicho na chako. Yule bwana aliona usumbufu ulio kichwani mwa mzazi akauondoa, mzazi akarudi kwa kuwa amepumzika. Hawa wa kwako wamechukua mzazi aliyekuwa ametulia, aliyekula samaki wake na kuoga maji ya moto, wakamfungia usumbufu kwenye mfuko aende nao Jinja. Na dawa ya usumbufu huo wanaiuza wao wenyewe, kwenye meza ya chai, Entebbe. Hapo ndipo mimi na wenzangu wa kaunta tunapoachana njia.

Hata geimu hotelini si ngeni. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Marekani iitwayo LodgeNet iliweka geimu za Nintendo kwenye televisheni za vyumba vya hoteli kule kwao. Mtoto alikaa kitandani na kishikio chenye waya, na baba akalipishwa kwa saa, karibu dola 7. Ghali? Ghali sana! Lakini bei ilikuwa imeandikwa, na asubuhi ya kuondoka ilitokea kwenye bili, mstari kwa mstari, baba akaweza kuweka kidole pale na kugomba. Ukirudi nyumbani geimu imebaki chumbani. (Biashara ile yenyewe ilikuja kudhoofika wageni walipoanza kusafiri na vifaa vyao, na mwaka 2013 kampuni ilikwenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai.) Bili ya Kiboko haina karatasi. Inaletwa kila Ijumaa, na anayeileta ni mtoto wako mwenyewe huku machozi yanamtoka.

Umeniuliza kama wewe ndiye mkali. Hapana. Tazama jinsi kitu chenyewe kilivyoshonwa. Leveli imefungwa, na ufunguo umewekwa mahali ambapo ni lazima ulipe ili ukae. Mihuri imepewa siku ya kufa ili usiseme "tutaenda Desemba". Meseji haiji kwa jina la hoteli bali kwa jina la rafiki wa mtoto, na inaingia kwenye simu yako ili uisome kwa sauti. Gurudumu linamfanya afungue geimu kila siku hata siku asiyotaka kucheza. Hakuna hata moja kati ya hayo manne linalofanya geimu iwe tamu zaidi. Kukimbia na kuruka ndoo kungekuwa kutamu vile vile.

Na hilo gurudumu linanikera kuliko yote. Sheria yetu ya bahati nasibu na michezo ya kubahatisha ya mwaka 2016 inamzuia mtu wa chini ya miaka 25 kucheza kamari. Kijana wa miaka 24, mwenye mke na boda boda yake, anafukuzwa mlangoni pa duka la beti. Lakini mtoto wa miaka saba anazungusha gurudumu kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Sisemi ni kamari, maana hajaweka hela. Nasema mkono unazoeshwa.

Kuhusu huyo wa miaka saba: usipoteze jioni yako kumweleza kwamba Kiboko ni tangazo. Chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilitoa ripoti mwaka 2004 kikisema watoto wa chini ya miaka minane hawana bado uwezo wa kutambua kwamba tangazo lina nia ya kuwashawishi. Wanalipokea kama habari ya kweli. Akisema Kiboko anangoja, kwake ni kweli anangoja, amesimama pale koridoni na kofia yake. Ndiyo sababu Uswidi ilikataza tangu 1991 matangazo ya televisheni yanayolenga watoto wa chini ya miaka 12, na jimbo la Quebec kule Kanada limekataza matangazo ya biashara kwa walio chini ya miaka 13 tangu 1980. Wale si watu wanaochukia watoto kufurahi.

Yule mkubwa ni habari nyingine. Huyo mwite, mkae naye, mwambie akuonyeshe mwenyewe ni leveli zipi zinataka hoteli na zipi hazitaki. Mwachie ahesabu. Nilifanya hivyo na mjukuu wangu wa miaka kumi na moja kwa geimu nyingine, ya kampuni ya soda. Akahesabu, akanyamaza, kisha akasema, "Jaja, hawa wananifanya mjinga." Hasira yake ilifanya kazi kuliko mahubiri yangu ya wiki mbili.

Sasa matendo. Usifute geimu usiku wakiwa wamelala. Mtoto akiamka na rafiki yake hayupo, utakuwa umemuua Kiboko wewe, na hoteli itabaki mikono safi. Mwambie leveli kumi na tano ni zake, atazicheza Jumamosi na Jumapili, na ya kumi na sita haiko nyumbani kwenu. Kisha mtengeneze ya kumi na sita. Chukua boksi la sabuni, chora korido, vizibo vya soda viwe funguo, ndoo ziwe ndoo za kweli za uani. Najua unachoka, baba hayupo. Mkabidhi kazi hiyo mkubwa, ataifanya vizuri kuliko wewe, na mihuri achonge kwa kiazi. Wiki ya tatu utaona nani bado anauliza habari za Entebbe.

La pili, piga simu hotelini uulize swali moja: "Mtoto wa miaka saba akilala chumba cha wazazi bila kitanda cha ziada, mnalipisha kiasi gani?" Hoteli nyingi zitakujibu hakuna malipo. Ikiwa na hiyo ni hivyo, basi mwanao anakimbia usiku na mchana kukusanya mihuri hamsini anunue kitu ambacho ni bure tangu enzi za yule bwana wa Memphis. Nilicheka peke yangu niliposoma barua yako mahali hapo. Baadaye sikucheka.

La tatu, hizo namba na siku za kuzaliwa. Hapa una sheria mkononi. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inasema taarifa binafsi za mtoto hazikusanywi bila idhini ya mzazi au mlezi, isipokuwa kwa sababu chache ambazo sheria yenyewe imezitaja, na kuuza vyumba si mojawapo. Mtoto kuandika namba ya mama yake si idhini ya mama. Pia sheria inakupa haki ya kukataa taarifa zako zisitumike kukutangazia biashara. Usimgombeze binti wa mapokezi, hana ufunguo wa mashine hiyo. Mwandikie meneja mkuu, kwa barua pepe ama karatasi, maneno machache tu: majina ya watoto, tarehe mliyolala, namba ya chumba, na "naomba mfute taarifa zote za wanangu na namba yangu, mniandikie mkishamaliza". Weka nakala. Wakikaa kimya, peleka nakala hiyo kwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, Kampala, iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari.

Meneja anaijua barua ya aina hiyo. Niliwahi kuipokea moja kaunteni, miaka ya mwisho mwisho ya kazi yangu, kutoka kwa mama wa Arua. Ilipanda ghorofani mbio kuliko bili ya waziri.

Na jambo la mwisho kwako. Wanao walikuwa na baba yao siku mbili baada ya mwaka mzima. Huyo wa miaka saba analia Kiboko, lakini sina hakika kama ni Kiboko tu. Muulize baba alikuwa amekaa wapi walipokuwa wakicheza leveli ya nane.

*

Shangazi,

Kijana wangu wa miaka tisa alitumia simu yangu kununua "funguo za dhahabu" kwenye geimu ya hoteli tuliyolala wakati wa harusi ya shemeji yangu. Mara sita, jumla shilingi 38,000 za mobile money. Alijua PIN. Je, nitazipata? Na je, nimchape?

Baba, Mbale

*

Baba wa Mbale, salamu. Usimchape. PIN aliijuaje? Nabahatisha: ni mwaka wake wa kuzaliwa. Umeona?

Ibadilishe leo, na safari hii usiweke mwaka wa mtoto yeyote wa ukoo. Kisha usifute zile meseji sita za malipo, piga picha za skrini, nenda kwenye duka la huduma la mtandao wako wa simu ukiwa na kitambulisho, na siku hiyo hiyo uwaandikie wenye hoteli ukidai hela yako, ukieleza kwamba mnunuzi ana miaka tisa. Siwezi kukuahidi kwamba zitarudi zote. Lakini usione aibu kudai. Desemba 2022 kampuni ya Epic Games, wenye geimu ya Fortnite ambayo kijana wako bila shaka anaijua, ilikubali huko Marekani kutoa dola milioni 245 za kuwarudishia wateja. Mamlaka ya biashara ya huko iliilaumu kwa kupanga vitufe kwa namna ya kuwanasa watu, na kuwaacha watoto wanunue bila ruhusa ya wazazi. Kama Wamarekani waliweza kunaswa na kitufe, kijana wa Mbale afanyeje?

Kuhusu shilingi 38,000, akulipe kwa kazi. Aoshe gari lako. Kama huna gari, la shemeji aliyeoa.

*

Shangazi wa Mapokezi,

Shikamoo. Mimi nafanya kazi mapokezi, hoteli moja ya Kampala, mwaka wa pili. Tumeletewa geimu ya watoto kutoka makao makuu. Natakiwa nigawe kadi 40 kwa wikendi, na kwenye kompyuta niandike jina la mtoto, siku ya kuzaliwa na simu ya mzazi. Pia tunawapiga picha washindi tunazibandika kwenye ukuta wa mabingwa na kuzituma kwenye kurasa za hoteli. Wazazi wengi wanacheka tu, wanaona ni heshima. Mimi moyo unanisuta, hasa mtoto anapolia wakati wa kuondoka. Lakini nina mkataba wa miezi sita sita na mama yangu ananitegemea. Nifanyeje?

Binti wa kaunta, Kampala

*

Marahaba, binti yangu. Nakuona kama najiona.

Usiache kazi. Na usiende kwa meneja na maneno "moyo unanisuta", maana mkataba wako utaisha kabla ya moyo. Nenda na karatasi. Mwambie, "Mzee, nimesikia sheria ya 2019 inataka idhini ya mzazi kwa taarifa za mtoto. Naomba tuweke mstari wa sahihi kwenye fomu ya kuingia, ili hoteli isipate shida." Neno "hoteli isipate shida" limefungua milango mingi katika maisha yangu. Na picha vile vile: mzazi akubali kwa sahihi, na anayekataa mtoto wake asibandikwe, hata kama ni bingwa. Ukuta wa jina na uso wa mtoto pamoja na hoteli aliyolala usiku huo, mtu yeyote anayepita anasoma. Mimi niliyefanya zamu za usiku miaka mingi, hilo peke yake lingeninyima usingizi.

Kisha mpe meneja hesabu anayoielewa. Kwa wiki mbili, andika kwenye daftari lako ni wazazi wangapi wamelalamika wakati wa kuondoka, na walisema nini, bila kuongeza chumvi. Niliwahi kuwa na meneja mkali kama pilipili mbuzi, hakusikia huruma ya mtu, lakini alikuwa anahesabu malalamiko. Tulikuwa na promosheni ya vocha za bwawa la kuogelea zilizokwisha muda haraka. Nikamwonyesha malalamiko kumi na saba kwenye daftari la buluu. Wiki iliyofuata tarehe ya mwisho iliondolewa. Hakuniambia ahsante, wala sikuingoja.

Ukipata nafasi ya kutoa maoni kwa makao makuu, waambie geimu iache kuficha inachotaka. Marriott, kampuni kubwa ya hoteli ya Marekani, walitoa geimu kwenye Facebook mwaka 2011, mchezaji akaanza kwa kuendesha jiko la hoteli, ananunua vyakula, anaajiri watu. Nia yao waliitangaza: tunatafuta vijana wa kufanya kazi za hoteli. Mtu mzima akacheza akijua. Hii yenu inaongea na mtu asiyejua, kwa sauti ya mnyama. Waache leveli zote zifunguke nyumbani, waue lile gurudumu, na meseji ije kwa jina la hoteli, mara moja, kwa mzazi aliyekubali. Wageni watarudi kama kitanda ni kizuri. Hilo nimeliona kwa macho yangu miaka 28.

Kadi 40 ni nyingi, najua, na wikendi nyingine hata watoto 40 hawafiki. Gawa kwa wanaoomba. Mtoto akiuliza hii ni nini, mjibu ukweli: "Ni geimu ya hoteli yetu, muulize mama kwanza." Sentensi hiyo haivunji kanuni yoyote ya kazi yako, na mama anayesikia atakutazama kwa jicho jingine.

Na siku ukimwona mama mmoja anaingia mlangoni na watoto watatu, amechoka, ana vumbi la barabara ya Jinja, zile kadi ziache kwenye droo. Mpe ufunguo kwanza.